Namna ya Kufukuza Kelele Kwenye Nyimbo Zilizokwisha Kuwa Mafaili

Hongera, kazi umeimaliza. Santuri za marehemu mjomba, zilizokaa miaka juu ya kabati, zote umezihamishia kwenye kompyuta. CD za taarab nazo umezinakili. Sasa unafungua faili la kwanza, unakaa kitako umsikilize Mbaraka Mwinshehe, na kabla gitaa halijalia unasikia vuuu, kisha ta, ta, ta, kisha krrr. Usihuzunike. Dawa zipo nyingi, na za mwanzo ni za kulipia.

Anza kwa kununua waya. Usiulize wa nini. Waya mzuri ni mnene, una vichwa vya rangi ya dhahabu, na hukaa kwenye kasha lililofungwa kwa kufuli nyuma ya muuzaji. Muuzaji atakuapia kwamba unasafisha sauti. Usimuulize utaingiaje ndani ya faili lililorekodiwa mwaka jana ukautoe mkwaruzo uliolala humo. Maswali ya namna hiyo huwafungia watu maduka.

Waya ukishindwa, nunua spika. Spika mpya zitakusaidia sana: kelele uliyokuwa ukiisikia kwa mbali sasa utaisikia waziwazi.

Pesa ikiisha, ndipo ujaribu njia ya wasio nacho, yaani kusikiliza. Chukua wimbo mmoja. Kelele ikitokea, andika dakika na sekunde, rudi nyuma, piga tena. Ikitokea palepale, huenda imo ndani ya faili, na ikiwa imo hakuna kifaa utakachonunua kitakachoitoa. Ikihama, mara hii sekunde ya 40, mara ijayo ya 52, faili halina kosa. Kompyuta ndiyo iliyoelemewa: inapakua filamu, inakagua virusi, imefunguliwa kurasa ishirini za mtandao, na papo hapo inatakiwa ipeleke sauti bila kukatika. Funga visivyohitajika. Na hata ikitokea palepale, kabla ya kulilaumu faili fungua mipangilio ya programu unayopigia muziki, urudishe chini ile mistari ya besi na trebo uliyoipandisha yote mpaka juu siku ya kwanza kwa furaha. Nusu ya mikwaruzo ya nchi hii inaishi hapo.

Tuseme kelele imo ndani. Basi ihesabie muda. Santuri nyingi za muziki wa dansi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja umekatwa sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande ule. Mzunguko mmoja huchukua sekunde 1.33. Kwa zile kubwa za mizunguko 33 na theluthi, ni sekunde 1.8. Ikiwa ta yako inarudi kwa mwendo huohuo bila kukosea, usiilaumu kompyuta: kuna mtu, mwaka fulani, kwenye sherehe fulani, aliburuta sindano juu ya sahani. Ikiwa zinadondoka ovyo kama watu wasio na ratiba, hilo ni vumbi na umeme tuli, nalo linaoshwa.

Kuhusu kuosha kabla ya kurekodi upya, mtaani utaelekezwa sabuni ya unga, kona ya kanga, na pumzi ya moto ikifuatiwa na shati. Zote zinafaa endapo lengo lako ni kulihamisha vumbi kutoka juu ya santuri hadi ndani ya mifereji yake. Asiye na haraka hutumia maji yaliyochemshwa yakawa mvuke kisha yakakusanywa upya, tone la sabuni laini na kitambaa kisichotoa nyuzi, akafuata duara la mifereji, akaacha ikauke kabisa. Na ile sarafu ambayo wazee huiweka juu ya kichwa cha sindano ili isiruke? Haitaruka, kweli. Sindano nyingi za siku hizi hutaka uzito wa gramu mbili hivi, na sarafu ya mfukoni huuzidisha zaidi ya maradufu. Sindano itatulia vizuri sana huku ikichimba.

Walio na sahani nzito za mizunguko 78, za enzi za Siti binti Saad aliyevuka bahari kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, wana raha yao peke yao. Mifereji ya sahani hizo ni mipana. Ukiipitishia sindano ya santuri za kisasa, ncha yake itazama hadi chini na kusoma uchafu wote uliotua humo tangu enzi za masultani. Tafuta sindano ya 78, yenye ncha nene zaidi. Kisha fanya jambo ambalo sijui kwa nini halitangazwi kuliko waya: unganisha njia ya kushoto na ya kulia ziwe moja. Sahani hizo hazina stereo. Sauti ya mwimbaji imechongwa kwa kwenda upande na upande, ilhali kelele nyingi husukuma sindano juu na chini. Ukizijumlisha njia mbili, mwimbaji hubaki na sehemu kubwa ya kelele hizo hujifuta zenyewe. Ni bure, na huchukua mbofyo mmoja.

Ile vuuu ni ya umeme. Kwetu umeme hutembea kwa hezi 50, na mvumo wake mara nyingi ni wa 50 au 100. Chomoa chaja ya laptopu uache betri ifanye kazi. Vuuu ikinyamaza, umempata. Isiponyamaza, tazama nyuma ya mashine ya santuri: kuna waya mwembamba wenye kichwa kama uma, unaoning'inia tangu siku ya kwanza kwa sababu haukuwa na tundu la kufanana nao. Huo ni wa ethi, na kwao ni kwenye skrubu ya amplifaya. Kama vuuu imesharekodiwa, ufunge waya huo kisha uanze upya na santuri zote. Pole.

Na krrr, ikija kila mwimbaji anapopaza sauti, ni wewe uliyetaka irekodiwe kwa nguvu. Kwenye kanda ukizidisha kidogo, kanda ilikuvumilia. Kwenye dijitali, kilichopita desibeli sifuri hukatwa kichwa na hakirudi. Acha nafasi ya desibeli sita, ukapandishe baadaye.

CD zina unafiki wao. Watu huupangusa upande unaong'aa kwa duara, kama wanavyopangusa sahani ya pilau, nao huo ndio mwendo wa data; pangusa kutoka katikati kwenda ukingoni. Upande wenye maandishi huachwa ukwaruzwe na funguo, ingawa data imelala chini ya rangi hiyo tu, na mwanga unaisoma kupitia plastiki ya milimita 1.2 kutoka upande wa pili. Nakili kwa programu inayosoma kila kipande mara mbili na kulinganisha. Kama faili lako ni MP3 ya kilobiti 128 na matoazi yanalia kama mchanga bombani, usiligeuze kuwa FLAC: ni kumimina chai ya rangi kwenye birika la fedha ukitegemea itoke na maziwa.

Kwa wasiosikia la mkuu, programu ya Audacity ina zana ya kupunguza kelele. Iteulie kipande cha ukimya, isome, kisha sukuma kila kitelezi hadi mwisho. Kelele itakwisha. Mwimbaji naye atasikika yuko ndani ya pipa la maji, na tarumbeta zitapiga miluzi.

Hatimaye wimbo umetakata. Usiutume kama faili, utachukua bando. Weka simu mbele ya spika, bonyeza alama ya maikrofoni, uurekodi upya pamoja na feni na mtoto wa jirani, uurushe kwenye kundi la ukoo. Baba mdogo atajibu kabla ya Isha: “Huu siyo, bwana. Ule wa shemeji ulikuwa unaruka pale kwenye kiitikio.”