Sifa za Chapati ya Kwanza

Chanda chema huvikwa pete, lakini chapati ya maji ya kwanza haijapata kupewa hata sahani. Hutoka kikaangoni imejikunja upande mmoja, mbichi pembeni, imeungua katikati, inachuruzika mafuta, na mpishi huitupia jicho baya kabla ya kuisogeza kando ya jiko. Wadogo zake, wembamba, wenye madoadoa ya kahawia, ndio wanaopangwa kwenye hotipoti na kwenda mezani kupokea pongezi. Dhuluma hii imedumu vya kutosha. Naomba uwanja niisifu.

Nianze na ushujaa wake. Chapati hii huingia vitani wakati hakuna kilicho tayari. Kikaango kimepata moto katikati tu, kingo bado baridi, hivyo upawa wa kwanza unaganda kabla haujatandazika. Mafuta yamejikusanya upande ambao jiko limeinamia. Uji wenyewe umekorogwa sasa hivi: unga wa ngano haujanywa maji yake sawasawa, na ule mvutano ulioamshwa na mwiko haujatulia. Nusu saa ya kuuacha ingetosha, lakini nani ana nusu saa, na watoto wameshakaa mkekani? Yai, chumvi, sukari kidogo na iliki vyote vimo, havina kosa. Halafu inakuja ya pili. Inakuta joto limeenea, chuma kimepakika vizuri, na mafuta ya ziada yameshanywewa. Yamenywewa na nani? Na huyo huyo mnayemcheka.

Tena ni mwalimu asiyedai ada. Ikitoka nene, uji unataka maji. Ikichanika kwa kuguswa tu, unataka unga kidogo au yai jingine. Ikilia chwaa na kutoboka matundu papo hapo, punguza moto. Ikilala kimya huku inanyonya mafuta, uongeze. Hata kugeuza inafundisha, ingawa kwa mateso. Kanuni ni kungoja mng'ao wa majimaji utoweke juu na kingo zianze kujinyanyua zenyewe, kisha unatikisa kikaango: ikiteleza nzima, imeiva upande wa chini na iko tayari kugeuzwa. Sasa tikisa hiyo ya kwanza. Haitelezi. Imeng'ang'ania chuma kwa uaminifu ambao ndoa nyingi hazina, na mwiko ukipita chini yake nusu inainuka, nusu inabaki.

Ndiyo maana huko ambako kurusha chapati hewani ni sherehe, mhusika huyu hatajwi. Wafaransa hula zao tarehe 2 Februari, na jadi inataka mtu arushe kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika sarafu, ili mwaka uwe wa neema. Katika mji wa Olney, Uingereza, wanawake hukimbia na vikaango mkononi, mashindano ambayo wenyeji wanasema yalianza mwaka 1445, na chapati lazima irushwe mwanzoni na mwishoni mwa mbio. Nathubutu kusema hakuna mwenye akili timamu anayetoka mbio na ile ya kwanza. Warusi angalau ni wakweli: wana methali kwamba ya kwanza hutoka bonge. Sisi tuna mwanzo wa ngoma ni lele, tunaipigia makofi lele, na chapati tunaificha.

Wenye vikaango visivyoshika wanadai wameikomesha. Hawajaikomesha. Huko haigandi, ni kweli, ila hutoka imepauka, madoa yamejazana mahali pamoja.

Kwa desturi haina mwenyewe, kwa hiyo ni ya yeyote aliyeko jikoni: mtoto aliyetumwa kuleta chumvi, shangazi aliyepita kusalimu, au mpishi mwenyewe, ambaye huila akiwa wima, kwa vidole, akipuliza. Ni mwezi wa Ramadhani tu ndipo inakosa mlaji. Alasiri yote inakaa pale kando, inapoa, inakakamaa, kila anayepita anaitazama, na adhana ya Magharibi ikishasikika watu wanakimbilia tende. Mgeni akiuliza zimepikwa ngapi, mwenye nyumba huanza kuhesabu kwenye ya pili.