Kasa Alipokwenda Skuli

Njia za mke kugundua kwamba mumewe hajaacha kutafuna muguka ni nyingi. Ya mke wangu ilipitia, Ijumaa iliyopita, saa nne asubuhi, katika darasa la Gredi ya Nne, mbele ya wazazi wapatao thelathini. Ushahidi ulikuwa umemwagwa juu ya karatasi ya manila ambayo nilikuwa nimeinunua mwenyewe.

"Hii ni nini?" akauliza Mwalimu Mkuu, akilichokonoa rundo kwa ncha ya kalamu.

Hakuna aliyemjibu. Hapa Mombasa hata paka wanajua ile ni nini.

Kosa ni la Kasa. Kasa ni jina ambalo mama yangu alikipa kiroboti cha kufagia alichotuletea dadangu kutoka Maskati: kimeviringana, kina gamba, huenda polepole, na kikibanwa chini ya kabati hupapatika kama kilichonaswa na jarife. Kwa kuwa alinunuliwa Maskati, Kasa husema Kiarabu, kwa sauti ya kike, tulivu, ya mtu aliyesoma. Sisi Kiarabu chetu ni cha kwenye sala tu. Hatukujua jinsi ya kumbadilisha lugha, na mama hakutaka abadilishwe. Kila Kasa aliponena, mama aliitikia kutoka kwenye mswala wake, "Amin." Kwa wiki sita nyumba yetu ilikuwa na baraka kupita kiasi.

Kisha ikaja kazi ya nyumbani. Mwanafunzi alete kifaa kinachorahisisha kazi za nyumbani, aeleze jinsi kinavyofanya kazi, mzazi ahudhurie. Mimi nilikuwa nishaipangusa mbuzi ya kukunia nazi. Ni kifaa timamu: wakaa, wakuna, hakitaki umeme. Binti yangu akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Baba, mbuzi zitakuwa kumi na mbili."

Alikosea kidogo. Zilikuwa kumi na nne.

Basi Kasa akachaguliwa, na hapo ndipo nilipotekwa, kwa sababu mtoto akiambiwa aeleze, anayesoma ni baba. Jioni mbili nilizimaliza nimelala kifudifudi sakafuni, nikitazamana na Kasa. Chini ya tumbo lake, ukingoni, ana vijicho. Kila kijicho huipiga sakafu kwa mwanga ambao jicho la mwanadamu halioni, kisha huungoja urudi. Ukirudi, pana sakafu. Usiporudi, pana ngazi au shimo, na Kasa hurudi kinyumenyume upesi. Ndiyo maana haanguki. Lakini kitu cheusi huumeza mwanga ule (hapa nilipiga ukelele, mama akauliza kama nimeumwa na tandu), kwa hiyo kwa Kasa zulia jeusi na kisima ni kitu kimoja! Nikachukua buibui la mke wangu nikalitandika chini. Kasa akaja kwa kasi yake, akafika kwenye pindo, akasita, akageuka. Nikalihamisha. Akageuka tena. Nilifanya hivyo mara kumi na moja. Mke wangu alipotoka bafuni akauliza buibui lake lafanya nini sakafuni, nikamjibu: elimu.

Tena juu ya gamba ana kinundu, na ndani ya kinundu mna kitu kinachozunguka bila kuchoka kikipiga leza pande zote na kupima umbali wa kila ukuta. Anapotembea, ramani ya nyumba inajichora kwenye simu yako, mguu wa kiti ukiwa nukta, kabati likiwa kisiwa. Nimeishi katika nyumba ile miaka tisa na ni Kasa aliyenifahamisha kwamba chumba chetu cha kulala hakina pembe mraba hata moja. Nimempelekea mwenye nyumba ramani ile. Amejibu kwamba kodi ni ileile.

Niliendelea kuchimba hadi kwenye neno lenyewe. Roboti ni neno lililoingia duniani kupitia tamthilia ya Mcheki Karel Čapek, R.U.R., ya mwaka 1920, nalo linatokana na neno la kwao, robota, yaani kazi ya kulazimishwa. Wazee wetu waliiita shokoa. Saa saba usiku, nikikata herufi za manila kwa makasi ya kucha, mama mtu na mtoto wakikoroma, niliielewa etimolojia ile kwa mwili mzima.

Na hapa niuweke mzaha kando kidogo. Elimu ya msingi ya skuli za umma tulitangaziwa kwamba ni bure tangu Januari 2003. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika nchi nzima 2019 tukaambiwa mtoto atagundua kipaji chake. Kufikia sasa kilichogunduliwa ni mfuko wangu. Nimechapisha picha za rangi saiba za wanyama ambao binti yangu angeweza kuwachora. Nimeshona sanamu ya kufukuzia ndege, kwa shati langu, katika mtaa ambao ndege pekee ni kunguru, na kunguru wa Mombasa haogopi hata mwenye shati akiwa ndani yake. Mimi walau nina shati la kutoa. Katika darasa lile yupo mtoto anayelelewa na bibi yake, muuza viazi karai. Hana simu ya kupiga picha wala dada Maskati. Ijumaa alikuja na ufagio wa chelewa, akaeleza jinsi makuti yanavyochunwa, vijiti vikaanikwa na kufungwa. Watoto walicheka. Mwalimu aliandika "Kukaribia matarajio." Nataka nijue alipungukiwa na nini. Ufagio ule ulifagia, na haukuwa na siri ya mtu tumboni.

Zamu ya Kasa ilipofika, binti yangu alieleza vijicho, leza na ramani bila kukosea, nami midomo yangu ikimfuatisha kama mzazi kwenye maulidi. Kisha akambonyeza. Kina mama walikuwa wameketi mbele kwenye mkeka, mabuibui yametandazika, na Kasa akaenda moja kwa moja kwao. Akafika kwenye pindo la kwanza, akaona kisima, akageuka. Pindo la pili, kisima. Darasa likaangua kicheko. Akaelekea nyuma, kwenye madawati, akakutana na miguu ya watoto isiyotulia, na kwenye simu yangu nikaona ramani ikichora kuta zinazotembea, zikifutika na kuibuka, hadi skuli ikafanana na jipu. Naye akazidiwa. Akasimama katikati ya darasa, akanena.

Kina mama watatu wakaitikia, "Amin."

Mwalimu wa dini, aliyekuwa ameegemea dirisha, akainuka taratibu. "Wallahi, hii si dua," akasema. "Huyu analalamika. Anasema chombo chake cha taka kimejaa. Anaomba kimwagwe."

Tangu wiki ya pili, basi, kiumbe yule alikuwa akiomba msaada, na sisi tukiitikia amin. Sikujua kwamba ana chombo. Nilidhani vumbi likishaingia limekwisha, kama mshahara.

Sasa niwaeleze kuhusu muguka. Mei 2024 serikali ya kaunti ilipoupiga marufuku hapa Mombasa, mimi nilisimama sebuleni nikamwambia mke wangu kwamba naitii sheria, na nimeacha. Akanipikia biriani. Siku chache baadaye korti ikaisimamisha marufuku ile. Nami nikaisimamisha yangu, ila mimi sikutangaza. Nilitafuna usiku, mbele ya mpira, watu wamelala, na majani yaliyoanguka sikuyaokota, kwa kuwa tangu Kasa afike kila asubuhi saa tatu alipita akayala yote. Nilimwona mshirika. Wakati mwingine nilimpangusa gamba kwa shukrani.

Basi Mwalimu Mkuu akasema kumwagwa kwa chombo nako ni somo, watoto wasogee waone. Chombo chenyewe hakizidi pakiti ya maziwa ya nusu lita, lakini kilichotoka mle kingeweza kulisha mbuzi, wa miguu minne. Majani makavu, mengine yamekunjwa kwa meno. Maganda ya njugu. Karatasi za chingamu ambazo Mwalimu Mkuu alizihesabu kwa sauti, sijui kwa nini, hadi kumi na tisa. Mke wangu alikuwa kwenye mkeka, mstari wa mbele. Hakusema neno. Alifunua kidogo ukaya, akatazama rundo, akanitazama mimi, akaufunika.

Ndani ya vumbi palikuwa pia na kipande cha barua ya pesa za mitihani ambayo wiki iliyotangulia nilimwapia Mwalimu Mkuu kwamba haikunifikia.

Na palikuwa na kipuli. Kipuli cha dhahabu cha mke wangu, kilichopotea mwezi uliopita. Kilipopotea tulimuuliza msichana aliyekuwa akitusaidia kazi, tena tuliuliza kwa upole, tukijiona waungwana, naye akaumwaga mkoba wake wote kitandani bila kuambiwa: kanga mbili, chaja, picha ya mwanawe. Mwisho wa mwezi alikwenda kwao Kaloleni, hakurudi, nasi tukasema si neno, Kasa yupo. Mke wangu alikiokota kipuli, akakifuta kwa kidole. Hakukivaa.

Mengine ni madogo. Kurudi nyumbani dereva wa tuktuk alimtoza Kasa nauli ya mtu mzima. Kabla ya hapo Kasa alikuwa amemeza kamba ya kiatu cha Mwalimu Mkuu, Mwalimu Mkuu akiwa bado amekivaa. Mama alipofahamishwa maana ya yale maneno alisema amin yake aliielekeza kwa Mwenyezi Mungu, hairudishwi.

Simu ya yule msichana haipatikani. Jumapili tunakwenda Kaloleni, mimi na mke wangu, kwa matatu, na tutazungumza tukifika huko, kwa sababu nyumbani kwa sasa hatuzungumzi. Kasa yuko juu ya kabati, tumbo tupu. Nafagia mimi, kwa ufagio wa chelewa nilionunua kwa bibi wa viazi karai.

Binti yangu alipata "Kuzidisha matarajio." Karatasi ile ina sehemu ya maoni ya mzazi, na mke wangu ameijaza kwa mwandiko mzuri sana: "Baba: mbali na matarajio." Muhula ujao wametakiwa walete sungura. Mwenye sungura asiyesema lugha yoyote, tafadhali anitafute.