Shangazi Nanga Ajibu: Mnara Usimame au Ulale?

Barua zilizomfikia Shangazi Nanga mwezi huu hazina habari za mchumba bahili wala mama mkwe aliyekuja kwa wiki moja akakaa mwaka. Wote walioandika wana boti, wote wako Marekani, na kila mmoja kagombana na mtu kwa jambo lile lile: boti ikishapanda trela, ule mnara wa mabomba ulio juu yake ukunjwe au uachwe umesimama?

Kwa msomaji ambaye chombo anachokijua ni mashua, Shangazi anaanzia mbali kidogo. Mnara huo ni upinde wa mabomba, mara nyingi ya alumini, unaosimama juu ya boti ya kuvuta watu wanaoteleza majini. Kamba ya mtelezaji hufungwa kileleni pake, si kule chini tezini. Ikivuta kutoka juu, mtu aliye juu ya ubao wa weikibodi huruka kwa wepesi na kuelea hewani. Ikivuta kutoka chini, humrudisha majini kabla hajapata la kusimulia. Correct Craft, kampuni ya Florida iliyoanza mwaka 1925, iliuza boti zenye mnara wa namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990, na wenzake hawakukawia kufuata. Nahodha wa Lamu angeuliza kwa nini watu hao wasifanye kama kwenye jahazi: tanga na foromali zishushwe, mlingoti ubaki pale pale. Shangazi anamwomba nahodha asiondoke, swali lake litahitajika.

Wa kwanza amejiita Mume Aliyechoka, Dallas. Baada ya shikamoo ndefu anaeleza kwamba kila Jumamosi huvuta boti yake hadi Ziwa Texoma, mwendo wa kilomita 120 hivi, na kila Jumamosi mkewe humtaka aukunje mnara. Shemeji yake, kaka wa mke, husimama pembeni na soda mkononi akisema mwanamume hakunji.

Marahaba, anajibu Shangazi. Shemeji kasema kweli kwa sababu ya kipuuzi. Sheria ya Texas inaruhusu gari na mzigo wake kufika kimo cha mita 4.27, na boti ya aina hiyo juu ya trela, mnara ukiwa wima, kwa kawaida huwa karibu na mita 3. Viwango vya barabara kuu za Interstate navyo vinataka madaraja yaache nafasi ya mita 4.9 vijijini na takriban 4.3 mijini. Barabara kuu, basi, haina ugomvi na mnara huu. Yenye ugomvi ni yale mazagazaga yaliyoning'inizwa juu yake: kipaa cha turubai na mbao za kutelezea zilizochomekwa kwenye vishikio vya pembeni. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo dereva anayetoka kilomita 80 kwa saa na kufika 113 amekaribia kuizidisha mara mbili. Turubai ambalo lilikuwa kivuli ziwani linakuwa tanga barabarani, na ubao unaochomoka kwenye kishikio humtafuta aliye nyuma. Turubai livuliwe, mbao zilazwe ndani ya boti, bolti za mnara zikazwe, halafu safari. Nahodha wa Lamu anaweza sasa kwenda zake. Alilijua jibu tangu mwanzo.

Lakini mke asichekwe. Barua ya pili inamtetea.

Imeandikwa na anayejiita Nyumba Haina Mlango. Huyu alisafiri salama saa 3 nzima, akapita chini ya madaraja asiyoyahesabu, akafika kwake kajaa furaha na njaa, akabonyeza kitufe cha gereji na kuingia. Mlango wa kawaida wa gereji ya nyumba ya Marekani una kimo cha mita 2.13. Mnara wake ulikuwa 2.9. Anasema alisikia kwanza mlio kama wa sufuria inayoburutwa kwenye sakafu, kisha fremu ya mlango ikamfuata ndani.

Shangazi anampa pole na kumwambia kwamba yuko kwenye kundi kubwa. Kinachovunja minara mara nyingi kiko karibu na nyumbani: mlango wa gereji, tawi la mwaloni lililoinamia mtaa, kizuizi cha maegesho ya ghorofa, paa fupi juu ya dirisha la kuuzia baga kwa walio ndani ya magari. Mtu akiwa safarini macho yako juu. Akiona paa la nyumba yake akili hutangulia jikoni. Mnara wa huyu ulipaswa kukunjwa nje, kwenye saruji, mbele ya mlango uliofungwa. Na hata baada ya kukunja apime, kwa kuwa minara mingine ikilala hubakiza spika au taa zilizojitokeza juu kuliko mlango unavyoruhusu.

Barua ya tatu ndiyo iliyomkosesha Shangazi usingizi. Mwandishi, Mkunjaji Mwaminifu, hufanya kila kitu kwa tahadhari: hukunja, huvua, hufunika, huendesha polepole. Baada ya safari ya kilomita 600 alikuta nyufa nyembamba kama nywele zimezunguka shina la mnara kwenye faiba, na alama ya msuguano juu ya fremu ya kioo cha mbele. Anauliza kama ameuziwa boti mbovu.

Hapana. Amekunja akasahau kuegemeza. Mnara uliosimama umefungwa pande zote kwa bolti, hauna pa kwenda. Ukichomoa baadhi ya bolti na kuulaza, uzito wake wote unabaki kwenye bawaba mbili, na kila shimo la barabarani linaunyanyua na kuudondosha. Ukiweka kiganja kwenye bomba huku mwenzako akitikisa trela utaihisi: kitu kinapanda kidogo, kinashuka, tik, tik. Zidisha hiyo kwa kilomita 600. Ndiyo maana wazoefu wengi husafiri masafa marefu na mnara umesimama, na hukunja kwa ajili ya kuhifadhi tu. Asiye na budi aangalie kitabu cha maelekezo cha boti yake, maana minara haifanani. Aweke sponji nene pale bomba linapogusa, aufunge kwa mkanda usiruke, asimame baada ya dakika 20 kukagua. Mkunjaji anataja kwamba aliweka kikoi. Kikoi ni kitu kizuri sana, ila huteleza.

Bi Hofu wa Durham, North Carolina, anaogopa daraja la reli la Gregson Street, na nani asingeogopa? Daraja hilo la mwaka 1940 liliacha nafasi ya mita 3.56 tu, na tangu 2008 kuna kamera iliyorekodi malori yakivuliwa paa kama makopo ya samaki. Barabara haikuweza kuchimbwa kwa sababu bomba kuu la maji taka liko chini yake. Mwaka 2016 ikawekwa taa inayomwonya dereva wa gari refu akate kona; malori yakaendelea kugonga. Oktoba 2019 daraja likainuliwa hadi mita 3.76, na bado kuna walioligonga. Boti ya Bi Hofu ni mita 3.05. Itapita na nafasi ya mtoto kukaa juu, japo Shangazi haruhusu mtoto kukaa juu.

Na yule wa Connecticut anayeuliza kama akikunja atapita Merritt Parkway: trela haziruhusiwi kule, ziwe fupi au ndefu. Achukue barabara nyingine.

Maswali ya kukunja peke yako Shangazi anayajibu kwa pamoja. Mnara wenye spika na taa huhitaji watu wawili, mmoja kila upande, na vidole vikae mbali na bawaba. Wasiwe watu waliogombana asubuhi hiyo.

Kabla ya safu kwenda mitamboni, Mume Aliyechoka aliandika tena. Aliegesha trela mahali tambarare, akapanda na tepu ya kupimia, mkewe akashika mwisho wa chini. Ilisoma mita 2.98. Kipimo kimeandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa karibu na usukani, ila mwandishi ni mke, naye ameandika 3.10. Shemeji aliulizwa maoni yake. Alikuwa amekwenda kuchukua soda nyingine.