Shemeji, Dizeli na Mbolea ya Mahindi

Huku Fort Worth, Texas, wote ni wazima wa afya isipokuwa Shemeji, ambaye amepandwa na pikapu. Hajaipanda yeye, yenyewe ndiyo imempanda, kama pepo. Halali, anaongea peke yake, na gari kubwa likipita barabarani anageuza shingo mpaka mkewe anashika usukani.

Asilaumiwe peke yake. Ford F-Series inaongoza mauzo ya pikapu Marekani tangu 1977, na Texas ndiko kwenye mashabiki wenyewe. Huku mhasibu ana pikapu, mchungaji ana pikapu, na bibi kizee anashuka kwenye pikapu kwa ngazi ya umeme inayojitokeza yenyewe mlango ukifunguliwa. Lakini Shemeji hataki hizo za kwendea dukani. Anataka zile nzito: Ford Super Duty, Ram 2500 na 3500, Chevrolet Silverado HD na pacha wake GMC Sierra HD. Ukisimama mbele ya mojawapo, boneti inakufika kifuani. Ford F-350 ya milango minne na bodi ndefu ina inchi 266 toka pua hadi mkia, karibu mita 6.8, na gereji ya nyumba anayopanga Shemeji ina mita sita. Siku alipokuwa anaipima gereji kwa futi kamba, mkewe alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akatazama, akarudi ndani bila kusema neno.

Kisingizio chake ni kazi, na kwa kweli kazi ipo. Kuna biashara huku inaitwa hotshot. Mtu anafunga tela refu nyuma ya pikapu nzito, anabeba trekta, mabomba ya visima vya mafuta au magari mabovu, mizigo ambayo haitoshi kujaza semi lakini mwenyewe anaitaka leo. Ukitaka kuifanya kwa leseni ya kawaida, jumla ya uzito unaoruhusiwa wa gari na tela isizidi pauni 26,000, yaani kama tani 11.8. Pikapu ya pauni 14,000 na tela la pauni 12,000 zikijumlishwa zinagota hapohapo, na si kwa bahati. Hayo yote Shemeji anayajua kwa moyo. Lililomshinda ni moja: anunue ya dizeli au ya petroli?

Nyumbani swali hilo halina mjadala. Kaka yake, fundi wa malori pale Msamvu, Morogoro, alijibu kwa ujumbe wa sauti kabla hata hajaulizwa vizuri. "Mdogo wangu, kazi ni dizeli. Petroli ni ya kuendea harusini." Na ana hoja. Land Cruiser nyingi zilizobeba watalii, wagonjwa na polisi huko kwetu zimetumia injini ya 1HZ: lita 4.2, silinda sita kwenye mstari mmoja, haina turbo, farasi 130 hivi. Inakohoa, inatoa moshi, inafika. Fundi mwenye spana na kitambaa anaifungulia chini ya mwembe.

Kilichomchanganya Shemeji ni kwamba huku mambo yamegeuka. Dizeli ndiyo yenye gharama na madoido. Petroli ndiyo ya kuchapa kazi bila maswali.

Tuchukue Ford za mwaka 2020, mwaka ambao kampuni hiyo ilileta injini mpya ya petroli, V8 ya lita 7.3. Ina farasi 430. Dizeli yao ya lita 6.7 ya mwaka huohuo ina farasi 475. Mtu akiishia hapo atasema tofauti ni ya chai. Sasa njoo kwenye torki, ile nguvu ya kusokota inayong'oa mzigo pale ulipokaa. Kwa kipimo chao cha pauni-futi, petroli ina 475. Dizeli ina 1,050. Tena dizeli inaitoa yote injini ikiwa haijafika hata mizunguko 2,000 kwa dakika, wakati petroli lazima ipande mpaka 4,000, na hapo hamsikilizani ndani ya gari. Chevrolet za mwaka huo ni yaleyale: 464 kwa 910. Muuzaji alizitamka namba hizo taratibu, mkono kifuani, na Shemeji akaitikia "amina" bila kujijua.

Siri yenyewe ni ya zamani. Dizeli haina plagi za kuwasha moto. Inaibana hewa mpaka inapata joto kali, mafuta yanapuliziwa humo, yanajiwakia. Rudolf Diesel aliionyesha dunia injini inayofanya kazi hivyo mwaka 1897, na msingi haujabadilika. Kilichobadilika ni makorokoro yaliyoning'inizwa juu yake, na tutafika huko.

Kwanza dizeli ipewe haki yake. Mpeleke mtu Colorado na tela lililojaa, apande barabara kuu ya I-70 kuelekea handaki la Eisenhower, zaidi ya futi 11,000 juu ya bahari, mteremko wa asilimia saba kwa maili kadhaa. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza kama asilimia tatu ya nguvu kwa kila futi 1,000 unazopanda, kwa hiyo ikifika juu theluthi nzima ya farasi imebaki bondeni. Dizeli yenye turbo inasukumiwa hewa, haijali sana. Na kushuka ndiko kwenye mambo: dizeli ina breki ya eksozi inayolishika gari bila kuchoma breki za miguu, kitu ambacho dereva yeyote aliyeteremka mlima Kitonga na mzigo hahitaji kuelezwa. Mtu wa kazi hiyo akinunua petroli, anajitafutia.

Ila kati ya Fort Worth na Houston hakuna Kitonga. Hakuna hata kilima cha kuchungia mbuzi.

Mkewe ni muuguzi wa zamu ya usiku, amezoea kuhesabu matone ya dripu, na ndiye aliyechukua kalamu. Injini ya dizeli kwenye pikapu hizi huongeza bei kwa karibu dola 10,000, na nyingine huzidi. Akauliza gari lenyewe linakula kiasi gani. Hapo kuna kichekesho: pikapu za uzito huu, kwa kuwa zinavuka pauni 8,500, hazibandikwi ile karatasi ya serikali inayoonyesha ulaji wa mafuta. Gari dogo la kwendea sokoni linaeleza mpaka senti. Hili jitu halielezi kitu. Ikabidi waulize wenye nayo. Wakaafikiana kwamba likiwa na tela, petroli itakwenda maili 10 kwa galoni na dizeli 13, yaani kilomita 4 na kidogo kwa lita, na 5 na nusu. Akaweka maili 15,000 kwa mwaka, petroli dola 3 kwa galoni, dizeli dola 3.60, kwa sababu huku dizeli kwa kawaida ndiyo ghali, na hata kodi ya serikali kuu inaionea: senti 24.4 kwa galoni dhidi ya 18.4 za petroli. Akazidisha, akagawanya, akapiga mstari. Dizeli itaokoa dola 346 kwa mwaka. Ili irudishe zile 10,000, miaka 29.

"Shemeji yenu," aliwaambia wageni Jumapili, "anataka gari la kurithisha wajukuu."

Shemeji alijitetea kwamba dizeli inadumu na ukiiuza inarudisha sehemu nzuri ya pesa, na yote mawili ni kweli. Mtu wa maili 60,000 kwa mwaka, mzigo mgongoni kila siku, hesabu yake ni nyingine kabisa. Lakini ikumbukwe pia Juni 2022, bei zilipopaa kuliko wakati wowote huku: petroli ilipita dola 5 kwa galoni kwa wastani wa nchi nzima, dizeli ikafika 5.81.

Sasa yale makorokoro. Tangu sheria za moshi zilipokazwa, kuanzia magari ya 2007 dizeli hizi zinavaa chujio la masizi, na baada ya 2010 karibu zote zikaongezewa tenki la pili lenye maji maalumu yanayopuliziwa kwenye eksozi kupunguza sumu. Huku yanaitwa DEF. Madereva wa malori mapya huko nyumbani wanayajua kwa jina la AdBlue. Asilimia 32.5 ni urea, iliyobaki ni maji safi. Yakiisha, kompyuta inakuonya, inakuonya tena, kisha inapunguza kasi mpaka jitu la dola 70,000 linabaki kutambaa.

Kaka wa Msamvu alipoelezwa alinyamaza kidogo.

"Urea? Ile ya mahindi?"

Ileile.

"Sasa gari linapaliliwa lini?"

Chujio nalo lina tabia yake. Masizi yakijaa, injini inajipandisha joto iyachome, na kwa hilo inataka safari ndefu ya barabara kuu. Mwenye safari fupi fupi, kupeleka watoto shule na kurudi, analiziba, na taa ya njano inamkodolea macho asubuhi na jioni. Wapo wanaoyakata yote hayo na kuyatupa, ingawa sheria ya hewa safi imekataza. Hata wakubwa hawakupona: Cummins, ambao injini yao ya dizeli imo kwenye pikapu za Ram tangu toleo la 1989, walikubali mwishoni mwa 2023 kulipa faini ya dola bilioni 1.675 kwa madai kwamba Ram zipatazo 630,000 za 2013 hadi 2019 zilikuwa na programu za kukwepa udhibiti wa moshi. Na wapo vijana wanaolipia kabisa ili gari litoe moshi mweusi kwa makusudi, ndiyo starehe yao. Kaka alitumiwa video. Akaomba namba ya simu ya mwenye gari amwelekeze fundi.

Pampu za presha ndizo zilizomkosesha Shemeji usingizi hasa. Mwaka 2021 Ram waliita magari zaidi ya 200,000 ya matoleo ya 2019 na 2020 yabadilishwe pampu ya mafuta. Pampu ya aina hiyo ikisagika, chembe za chuma zinasambaa mpaka kwenye nozo, na hapo hubadilishi pampu tu, unabadilisha mfumo mzima wa mafuta. Nje ya waranti, bili ni ya maelfu ya dola. Ongeza oili: dizeli ya Ford inameza lita 12 kila ukimwaga, petroli ya 7.3 inatosheka na 7 na nusu.

Binamu yao wa Minneapolis, anayeishi na Wakenya wengi huko kwenye barafu, alipiga kuuliza kama Shemeji ana waya. Waya gani? Wa kuchomeka injini ukutani usiku. Dizeli ina nta ndani yake. Baridi ikizidi inaganda, chujio linaziba, gari linakataa katakata. Shemeji akacheka kwamba Texas hakuna mambo hayo. Mkewe akamkumbusha Februari 2021, Dallas na Fort Worth ziliposhuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri, wakalala na makoti. Maji ya urea yenyewe huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri.

Kilichomgeuza mwisho kilikuwa karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mlango wa dereva. Kwenye kiwanja cha magari walisimama mbele ya F-250 mbili, moja dizeli, moja petroli. Shemeji akachuchumaa, akavaa miwani, akasoma uzito wa abiria na mizigo. Ya petroli ilikuwa inabeba zaidi. Akarudia kusoma. Injini ya dizeli pekee inaizidi ya petroli uzito kwa mamia ya pauni, na kwa kuwa uzito wa jumla umewekewa kikomo, tofauti hiyo inakatwa kwenye mzigo wako. Kuvuta, dizeli inashinda. Kubeba mgongoni, kwenye daraja hilo, mara nyingi inashindwa. Muuzaji aligundua ana simu ya kupokea.

Akanunua petroli, 7.3 iliyotumika, V8 ya chuma cha kalibu, haina turbo, camshaft imo ndani ya bloku kwa mtindo wa kizamani. Wenyewe wanaiita Godzilla. Gari halijaingia gereji. Limelala nje, pua kwenye majani ya jirani, na barua ya chama cha wenye nyumba imeshafika. Kazi ya kwanza ilikuwa tela la mabomba hadi karibu na Waco, ikalipa. Tangu hapo kila Mswahili anayehama anajua namba yake, na hao wanalipa kwa pilau.

Kaka alipotumiwa picha ya injini aliitazama kwa muda mrefu, akakiri kwamba ile hata yeye angeifungua. Lakini mafundi wenzake wote wa Msamvu alishawatangazia kwamba mdogo wake amevuta dizeli la Kimarekani, na wanadai ushahidi. Akaagiza video, gari likiwa linanguruma, ila bila sauti. Imetumwa jana, na taarabu juu yake.