Sifa za Bwana Tope la Chooni

Karafuu imesifiwa ya kutosha. Ina shirika lake la kuinunua, ZSTC, na kuna watu wameingia jela kwa kuivusha usiku kwenda Mombasa. Mimi leo, hapa Chokocho, Pemba, wanakopandia boti watu wa Kisiwa Panza, nampigia debe asiye na shirika: Bwana Tope la Chooni. Huyu hajavushwa kwa magendo hata siku moja. Hana mlinzi wala kufuli, na kila nyumba, ya sheha na ya mvuvi, inamzalisha bila mkopo wa benki.

Utajiri anao. Naitrojeni na fosforasi tunazofuata dukani kwenye mifuko iliyovuka bahari, yeye anazo tangu shimoni. Edo, mji ambao leo ndio Tokyo, wenye nyumba walikuwa wakiuza kinyesi cha wapangaji wao kwa wakulima. Kampala, mtambo wa Lubigi uliofunguliwa mwaka 2014 unamkausha, na wakulima wanakuja wenyewe kumnunua.

Na kama mkubwa yeyote, hatembei peke yake. Katika msafara wake limo yai la mnyoo wa tumboni, askarisi, linaloweza kukaa udongoni miezi na miezi likimsubiri mtoto anayechezea mchanga. Wapemba tunamjua; maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi ilifunguliwa mwaka 2000, na minyoo ni kazi yake ya kila siku. Kwa hiyo Bwana Tope hataki pupa. Ukimchota leo ukammwagia mchicha kesho, umemkaribisha askarisi kwenye sahani. Mpange na majani makavu na pumba, lundo lipate joto la zaidi ya nyuzi 50 kwa zaidi ya wiki, ukiligeuza ili na la pembeni lipate moto. Au mweke akauke zaidi ya mwaka mzima, bila kumwongezea mbichi juu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2006, linataka asibaki na yai hata 1 kwa kila gramu ya kikavu. Hapo mvalie glavu na viatu vya mpira, mfukie chini ya mgomba au mnazi, mbali na kisima, kabla mvua ya masika haijamkokota.

Nasaba yake nayo ni safi kuliko ya ndugu zake wa mijini, waliochanganyika na madini ya viwandani. Safi, mpaka mtu atumbukize betri ya tochi chooni.

Mashehe je? Kwa madhehebu yetu ya Shafii, najisi haimtoki kwa kukauka tu. Hakupewa bahati ya divai inayogeuka siki. Lakini wanazuoni wa madhehebu hayo hayo wameruhusu kurutubishia shamba, ingawa ni makuruhi, na mazao yake ni tohara. Basi mwenyewe msikitini haingii, ila ndizi yake imo kwenye futari, imekolea tui, na hakuna anayeuliza mgomba ulilishwa nini.