Mwongozo wa Kuongozwa na Punda

Kwanza kabisa, iache methali nyumbani. Tangu utotoni tumeambiwa punda afe, mzigo wa bwana ufike, na wengi tumekua tukiamini kwamba hiyo ndiyo sheria ya safari zote za nchi kavu. Ukienda nayo katika milima ya Cévennes, kusini mwa Ufaransa, itakuponza kabla ya saa nne asubuhi. Punda atasimama katikati ya njia, atakutazama kwa pembe ya jicho, na hapo mtakaa mpaka wewe ubadilike tabia. Huko punda haendeshwi. Punda hukubali kwenda, nawe ukafuatana naye.

Njia yenyewe ni GR 70, ambayo wengi huiita njia ya Stevenson. Inaanzia Le Puy-en-Velay na kuishia Alès, kilomita 270 hivi. Hupita nyanda za mawe ya volkano, ikazama katika misitu ya Gévaudan, ikapanda Mont Lozère yenye urefu wa mita 1,699, kisha ikateremka kwenye mabonde yaliyojaa miti ya chesnati. Sehemu kubwa iko Lozère, mkoa wenye watu wachache kuliko mikoa yote ya Ufaransa iliyoko Ulaya, hawafiki 80,000. Unaweza kutembea asubuhi nzima usisikie sauti ya mtu, ila kwato za punda na maji ya kijito.

Mwandishi Mskoti Robert Louis Stevenson alipita huku mwaka 1878, kuanzia Septemba 22 hadi Oktoba 3. Alikuwa na punda jike aitwaye Modestine, aliyemnunua Le Monastier kwa faranga 65 na glasi ya brandi. Mwaka uliofuata akachapisha kitabu cha safari hiyo. Mwongozo huu nimeujenga juu ya makosa yake, maana aliyafanya karibu yote, na kwa bahati yetu aliyaandika bila kuficha.

Kosa lake la kwanza lilikuwa mzigo. Alibeba mfuko mkubwa wa kulalia alioubuni mwenyewe, paja la kondoo lililopikwa, mkate mweupe na mweusi, chupa ya mvinyo, chupa tupu ya kutilia maziwa, na chombo cha kupigia mayai. Ndiyo, kwenda kulala porini alichukua chombo cha kupigia mayai. Siku ya kwanza haikuisha kabla tandiko na shehena yote havijapinduka vikaning'inia chini ya tumbo la Modestine, wanakijiji wakitazama. Akatupa paja, akatupa mkate mweupe, akatupa chupa tupu na chombo cha mayai. Mkate mweusi akaubakiza kwa ajili ya punda, na huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote aliyoyafanya siku ile.

Kwa hiyo kaa chini na shanta lako usiku wa kuamkia safari, utoe kila kitu unachokibeba ili uonekane umejiandaa. Wanaokodisha punda siku hizi kwa kawaida hawaruhusu zaidi ya kilo 40 hivi, na kilo hizo ni pamoja na kila ulichosahau kukitaja. Watu wa Lamu wanaweza kuiruka aya hii, wao wamezaliwa wakiijua. Wengine wasikilize: shogi za pande mbili zilingane uzito, vitu vizito vikae chini, na chochote kinachogongagonga kifungwe. Kabla ya kutandika, mpige brashi mgongoni, maana jani moja la miiba chini ya tandiko litakuwa kidonda kufikia jioni. Nyanyua miguu yake, mmoja mmoja, utoe vijiwe kwenye kwato. Akikunyima mguu, ngoja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe, kutembea kutafuata.

Njiani, kaa karibu na bega lake. Kamba ishike, wala usiizungushe mkononi, kwa sababu siku akishtuka atakwenda na mkono wako. Usimwache ale majani wakati wa kutembea. Ukimruhusu mara moja kwa huruma, ataihesabu kuwa ni haki yake ya kila siku, na mtafika kituoni usiku. Chakula ni wakati wa kupumzika, na wakati huo kiwe kingi.

Mwendo wenu utakuwa kilomita tatu au nne kwa saa. Hapa ndipo wanapoumia ndugu zangu wenye saa za kuhesabu hatua. Nawaambia kwa upendo: mkitaka kukimbia, kimbieni kwenu. Mwendo wa punda ndio unaomwonyesha mtu njia hii, kwa sababu unampa nafasi ya kuona ukuta wa mawe uliofunikwa na kuvu, na kujiuliza nani aliupanga.

Na usimpige. Stevenson alimpiga. Huko Bouchet-Saint-Nicolas mwenye nyumba ya wageni alimtengenezea mchokoo, fimbo yenye ncha ya pini, naye akafurahi kwamba sasa punda anakwenda. Ukurasa huo unauma kuusoma. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama akafikiri, na watu wasiojua kufikiri huku ni nini wamesema ni ukaidi. Akisimama mbele ya daraja la mbao au maji yanayometameta, tangulia wewe, uvuke, umwonyeshe kwamba panapitika. Kumbuka pia kwamba punda wote wanaofugwa duniani asili yao ni punda mwitu wa Afrika. Kati yake na wenyeji wa pale, yeye ndiye jamaa yako wa karibu.

Alama za njia ni rahisi: mstari mweupe juu ya mwekundu, umepakwa kwenye mti, jiwe au nguzo. Ukiona mistari hiyo imepishana kama herufi X, umekosea njia, rudi. Wapo watu wanaoiona X, wakaipiga picha, wakaendelea mbele kwa kuwa simu imesema hivyo. Simu katika mabonde haya hupoteza mtandao mara kwa mara. Chukua ramani ya karatasi ambayo sentimita nne ni kilomita moja, na ujifunze kuisoma kabla giza halijaingia. Stevenson alipotea msituni magharibi ikiwa imeshaingia, akabisha mlango kuomba aonyeshwe njia, na mzee wa nyumba akakataa kutoka nje kwa sababu kulikuwa giza. Alilala mwituni kwenye mvua na upepo. Omba njia mapema, wakati wenye nyumba bado wako mashambani.

Na ukiomba, anza kwa salamu. Hapa Mswahili ana mtaji mkubwa. Mfaransa wa kijijini hajibu swali lisilotanguliwa na bonjour, kama vile bibi yako asivyomjibu mtoto asiyeamkia. Sema bonjour ukiingia dukani, ukikutana na mtu njiani, ukipita mbele ya kibaraza. Nunua mkate asubuhi. Mchana maduka mengi ya vijijini hufungwa, na hakuna atakayeacha chakula chake kwa sababu wewe hukujipanga.

Sasa misitu. Ukishavuka Mont Lozère na kuteremka, utaanza kukanyaga kokwa za chesnati zilizovaa maganda ya miiba. Wenyeji waliuita mti huu mti wa mkate, na hawakuwa wakitia chumvi. Kwa karne nyingi kokwa zake ndizo zilizowalisha watu wa mabondeni wakati wa baridi, baada ya kukaushwa kwa moshi wa moto hafifu katika vibanda vya mawe viitwavyo clède. Mti ulipandikizwa, ukapogolewa, ukarithishwa. Matuta yaliyoshikiliwa na kuta za mawe yasiyo na saruji yalijengwa kwa mikono, jiwe kwa jiwe, ili udongo usisombwe na mvua. Kando ya chesnati palikuwa na miforosadi ya kulishia viwavi wa hariri. Ugonjwa ulipowashambulia viwavi katikati ya karne ya 19, serikali ilimtuma Louis Pasteur aende Alès mwaka 1865, akafanya uchunguzi huko kwa miaka kadhaa. Baadaye maradhi yakaiandama miti ya chesnati yenyewe. Watu wakashuka kwenda migodini na mijini, na msitu ukarudi kuyameza matuta.

Kwa hiyo unapoambiwa unatembea katika pori la asili, usikubali upesi. Unatembea katika shamba la watu walioondoka. Hifadhi ya taifa ya Cévennes ilianzishwa mwaka 1970, na mwaka 2011 UNESCO iliiandika nchi ya Causses na Cévennes katika urithi wa dunia, kwa ajili ya kazi ya wafugaji na wakulima wake. Chesnati na uyoga unaouona vina mwenyewe, hata kama nyumba yake huioni. Uliza kabla ya kuokota. Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge nyuma yako.

Utakutana na kundi la kondoo, na katikati ya kondoo pengine patakuwa na mbwa mkubwa mweupe aitwaye patou. Amelelewa zizini, na anaamini kondoo ni ndugu zake. Usikimbie, usipige kelele, usimrushie jiwe, wala usimwambie ni mzuri. Simama akunuse kwa mbali, kisha zunguka kundi taratibu. Majira ya vuli ni ya wawindaji wa nguruwe mwitu. Vaa kizibao cha rangi ya chungwa, na punda naye mfunge kitambaa cha rangi hiyo, maana kwa mbali rangi yake ya kijivu haimsaidii.

Hali ya hewa usiifanyie mzaha. Wakati wa vuli, hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Kati hugonga milima hii, na mvua ya wiki nyingi humwagika kwa siku moja. Kijito ulichokiruka asubuhi kinaweza kuondoka na gari jioni. Tangazo la tahadhari likitoka, baki ulipo. Juu ya Mont Lozère ukungu hushuka ghafla, ndiyo maana watu wa kale walisimamisha mawe marefu kuonyesha njia, na katika vijiji kadhaa wakajenga minara ya kengele. Kengele hizo zilipigwa wakati wa tufani ya theluji ili msafiri asiyeona afuate sauti. Mtu alitoka kitandani usiku akavuta kamba kwa ajili ya mgeni asiyemjua. Ukiuona mnara wa namna hiyo, vua kofia.

Stevenson alifika Saint-Jean-du-Gard Modestine akiwa amechoka kabisa. Aliambiwa punda anahitaji kupumzika siku mbili. Yeye alikuwa na haraka ya kwenda Alès kuchukua barua zake, akamuuza kwa faranga 35, pamoja na tandiko. Akapanda gari la farasi, na njiani akalia.

Wewe ukifika, mvue tandiko kwanza, mpe maji, mtazame mgongo na kwato. Viatu vyako uvivue baadaye.