Waacheni Waruke! Kutoka Nane Hadi Moja, kwa Wazazi wa Misikhu

Leo ni zamu ya mfupa wa mtoto. Mfupa huo u hai: ndani yake mna chembe zinazohisi kila kishindo kinachoupinda kidogo, na palipopindwa ndipo zinapoagiza ujenzi. Julius Wolff, mpasuaji Mjerumani, aliliandika jambo hili mwaka 1892, kwamba mfupa hujiunda kwa kufuata mzigo unaoupata. Basi nimeyapanga mambo ya watoto wetu kwa jinsi yanavyoufaa mfupa, nikianzia chini kabisa. Wabishi, subirini namba moja.

8. Kuogelea katika mto Kuywa, na baiskeli. Najua vijana mmenuna. Kuogelea kunaufaa moyo na mapafu, lakini mtoni maji ndiyo yanayokubeba, na mfupa usiobeba kitu hauna sababu ya kunenepa. Wanaanga wanaokaa miezi angani bila uzito hupoteza zaidi ya asilimia 1 ya madini ya mfupa wa nyonga kila mwezi, na hao ni watu wazima waliochaguliwa kwa afya yao. Baiskeli nayo, kipenzi cha Bungoma nzima, inakukalisha. Endesheni, ogeleeni mkiwa na mtu mzima, kisha shukeni mruke.

7. Bodaboda ya shule. Watoto watatu, dereva mmoja, mikoba mitatu. Anayefanya mazoezi hapo ni pikipiki.

6. Mtungi wa lita 20. Kuna baba ameshachangamka: "Kama ni uzito, si nimtume maji?" La, baba. Lita 20 ni kilo 20, na mtoto wa miaka minane mwenyewe ana kilo 25 hivi. Mfupa unaitikia kishindo kifupi cha ghafla. Mzigo unaokaa kichwani njia nzima unaichosha shingo na mgongo. Mpe kimtungi cha lita 3, na akikifikisha jikoni mwache akacheze. Hiyo ndiyo kazi yake.

5. Jua. Hatujafika hata digrii moja kutoka ikweta. Jua likiipiga ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, na bila hiyo kalsiamu ya chakula haiingii vizuri. Mtoto anayefungiwa ndani siku nzima anaweza kupata matege hata huku kwetu. Mtoeni nje. Bili haitakuja.

4. Wimbi, omena na maziwa. Hapa kukhu, bibi yetu, anashinda bila kutoka jikoni. Gramu 100 za unga wa wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu. Za unga wa mahindi hazifikishi hata 20. Mtoto kati ya miaka 9 na 18 anahitaji kama miligramu 1,300 kwa siku, kwa hiyo uji wa wimbi uliochachushwa (kuchachusha kunafungua madini yaliyoshikwa na nafaka) ni mwanzo tu. Ongezeni omena, anayeliwa na mifupa yake. Ongezeni kikombe cha maziwa, ambacho kina miligramu 300 hivi. Sukuma wiki pia, maana kalsiamu yake hufyonzwa vizuri kuliko ya spinachi. Kuruka bila chakula hiki ni kumwita mwashi asiye na saruji.

3. Mbio, kati, mpira, magongo. Kukimbia kwenda shule kunafaa, ila mfupa huzoea haraka hatua zinazofanana. Unachokipenda mfupa ni kukata kona, kusimama ghafla, kurudi nyuma, kuruka kando. Kati ina yote hayo na haihitaji zaidi ya mpira wa karatasi. Na magongo, jamani! Wasichana wa St Cecilia Misikhu wamelitangaza jina la kijiji hiki kwa mchezo huo, kama Friends School Kamusinga ilivyofanya kwa wavulana. Waalikwe shule za msingi Jumamosi moja, na wazazi tuje kushangilia.

2. Kamba na blada za kuruka. Sasa tunazungumza! Mwaka 2001 watafiti wa Oregon, Marekani, walitoa matokeo ya watoto wa miaka sita hadi tisa hivi walioruka chini kutoka kwenye masanduku ya sentimita 61, mara 100 kila kipindi, siku tatu kwa wiki, kwa miezi saba. Wakitua, ardhi iliwasukuma kwa nguvu ya mara nane ya uzito wao. Madini ya nyonga na uti wa mgongo yaliongezeka kuliko ya wenzao waliojinyoosha tu. Sisi hatuhitaji masanduku. Tena mfupa huacha kusikia baada ya miruko kadhaa, hadi upumzike kwa saa chache. Kwa hiyo kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni kunapita saa mbili za mfululizo. Mwalimu unayekata mapumziko ili umalizie hesabu, rudisha mapumziko ya watu! Shirika la Afya Duniani linasema saa moja ya kujishughulisha kila siku, na mazoezi ya kuimarisha mifupa angalau siku tatu kwa wiki. Mwenye selimundu au ugonjwa wa mifupa aulize daktari kwanza.

1. Msichana wa miaka 12. Utafiti wa miaka mingi huko Saskatchewan, Kanada, ulionyesha kwamba mfupa hujaza madini kwa kasi kubwa zaidi karibu na miaka 12 na nusu kwa wasichana, na 14 kwa wavulana. Katika miaka miwili inayozunguka kilele hicho huingia takribani robo ya mfupa wote wa utu uzima. Mvulana wa Kibukusu wa umri huo, Agosti ya mwaka wake wa tohara ikifika, hukimbia na kucheza boma kwa boma akipiga kengele za chinyimba na kuwaalika wajomba. Dada yake je? Ndio kwanza anaambiwa amekuwa mkubwa, aache kurukaruka, akaoshe vyombo. Kosa kubwa hilo, na tunalifanya kwa upendo! Mnunulieni kaptura ya kuvaa chini ya sketi, hakikisheni ana sodo, na vyombo vioshwe na kaka yake, ambaye naye ana mikono.

Blada yenyewe mwombeni fundi wa pancha pale barabarani: tyubu iliyochakaa, ikatwe vipande vyembamba, vifungwe ncha kwa ncha. Wasichana watatu wanatosha kuanza.